Nyota za Bendera ya Kongo

Bendera iliyopandishwa Kongo tarehe 30 Juni 1960 ilikuwa na nyota kubwa katikati na nyota ndogo sita upande wa mlingoti, moja kwa kila jimbo. Hapo ndipo ulipojificha udhaifu wake, kwani idadi ya majimbo hubadilika. Kuanzia mwaka 1962 majimbo yaligawanywa hadi kufikia 21. Nyota sita zikapoteza maana. Hata iliporudishwa mwaka 1997, baada ya ile ya Zaire yenye mwenge, nchi ilikuwa na majimbo 10 na jiji la Kinshasa. Bendera ya mwaka 2006 ina nyota moja, isiyohesabu kitu. Majimbo yalipofikia 26 mwaka 2015, haikuhitaji kushonwa upya. Bendera njema hubeba lile linalodumu.