Wachezaji wa mashambulizi: kutoka ajua ya Lambwe hadi bao la Pwani

Ajua ndio mchezo wa kichwa wa Waluo. Katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, na katika vilima vya Gwassi na Kanyamwa vinavyolizunguka, mchezo huu hauhitaji zaidi ya safu mbili za mashimo na mbegu za kutosha. Asiye na ubao wa kuchonga huchimba mashimo ardhini, kivulini. Mbegu hupandwa moja moja, shimo baada ya shimo, na kila mchezaji hutafuta njia ya kula za mwenzake. Kwa miaka mingi mbung'o na ugonjwa wa malale viliwafanya watu wa Lambwe waogope kukaa na kufuga chini bondeni, ambako sehemu yake leo ni Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Maisha yakabaki pembezoni na vilimani, na ajua ikabaki huko pamoja nayo. Siku hizi mchezo huu una nafasi rasmi pia: watumishi wa umma na wa kaunti nchini Kenya huushindania katika michezo yao ya kila mwaka, sambamba na drafti na vishale.

Ukoo wa michezo hii ni wa kale. Hyrax Hill, karibu na Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937, kuna safu za mashimo zilizochongwa kwenye mwamba wenyewe. Maandishi yalikuja baadaye sana. Mwaka 1658 Mfaransa Étienne de Flacourt alichapisha kitabu juu ya Madagaska, na ndani yake akaeleza mchezo uitwao fifangha, unaochezwa kwenye ubao wa mashimo 32 yaliyopangwa safu nne, 16 ya huyu na 16 ya yule. Anayelijua bao hatakosa kumtambua ndugu yake hapo.

Safu nne ndizo zilizoupa mchezo huu ukali. Uganda, omweso una mashimo 32 na mbegu 64, na mchezaji hupanga mbegu zake 32 apendavyo kabla ya kuanza, kwa hiyo shambulio hutungwa kabla mkono wa kwanza haujasogea. Mbegu ya mwisho ikidondoka katika shimo la safu ya ndani lenye mbegu, na mashimo yote mawili ya mpinzani yaliyo mkabala yana mbegu, zote huliwa kwa pamoja. Aliyejaza mashimo yake pasipo kuangalia huweza kupoteza nusu ya mali yake kwa mkono mmoja. Kuna hata ushindi wa papo hapo, emitwe-ebiri, ambapo mshambuliaji hukata ncha zote mbili za upande wa mwenzake katika zamu moja.

Hata hivyo bao la Kiswahili, linalochezwa Zanzibar, Lamu, Mombasa na bara la Tanzania, ndilo lililofikisha sanaa ya kushambulia kileleni. Mchezo huanza karibu mtupu. Kila mchezaji ana kete 10 tu ubaoni, sita katika shimo liitwalo nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya kando, na kete 22 mkononi. Hatua ya kwanza ni kunamua: kete moja huingizwa kwa kila zamu katika shimo la safu ya mbele lenye kete, na ikiwa shimo la mpinzani lililo mkabala nalo si tupu, kete zake huliwa. Zilizoliwa hupandwa kuanzia kichwani, yaani nchani mwa safu ya mbele, kulia au kushoto. Uchaguzi huo wa kichwa mara nyingi ndio mchezo wote. Kete ya mwisho ikiangukia penye kete, mkono unaendelea. Ikiwa mkabala napo pana kete, mpinzani analiwa tena. Zamu moja inaweza kuzunguka ubao mara kadhaa kabla ya kulala katika shimo tupu.

Kanuni inayomlea mshambuliaji ni kwamba kula ni lazima. Mchezaji mwenye nafasi ya kula hana ruhusa ya kuipita, hata akiona wazi kuwa itamponza. Fundi wa bao huishi juu ya kanuni hii. Huacha shimo lenye kete nono mahali ambapo mpinzani hana budi kulila, akijua kwamba mkono huo utalala pabaya na kuifungua safu nzima ya mbele. Safu ya nyuma hailiwi, kwa hiyo mtu mwoga hukimbizia kete huko. Lakini safu ya mbele ikibaki tupu, mchezo umekwisha hata kama nyuma kumejaa.

Nyumba ndiyo huwatenga wachezaji kwa tabia zao. Wako wanaoilinda, wakiikuza kete kwa kete hadi hatua ya mtaji, wakati kete za mkononi zimekwisha. Wako wanaoisafirisha mapema: mkono ukifika nyumbani hawalali, huzichota kete zote na kuzimwaga ubaoni kwa shambulio moja. Kusafiri mapema ni hatari, kwa maana asiyemaliza kazi hubaki bila akiba. Likifaulu, shambulio hilo huleta mkononi, ushindi unaopatikana kabla kete za mkononi hazijaisha, na hakuna namna ya kushindwa inayomuuma mchezaji kuliko hiyo. Julius Nyerere, aliyejulikana kote kwa kulipenda bao, alikuza heshima ya mchezo huu kwa watu ambao wangeuona kuwa wa wazee wa barazani tu.

Mtafiti Mholanzi Alexander de Voogt aliishi na mabingwa wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa kitabu kuhusu umahiri wao. Aliwapima kwa njia walizozoea wasomi wa sataranji: kumbukumbu, kutatua mitego, na kucheza bila kutazama ubao. Hapo ndipo ugumu wa bao huonekana. Katika sataranji kete moja huhama kwa zamu, nyingine zikabaki palepale. Katika bao mkono mmoja waweza kubadili karibu kila shimo, na anayeshambulia ni lazima aone picha mpya yote kabla hajagusa kete.

Sataranji yenyewe ilikuwa na washambuliaji wake mapema. As-Suli, aliyecheza katika kasri la makhalifa wa Baghdad katika karne ya 10, aliandika juu ya mchezo huo na kutunga fumbo lililowashinda wachezaji kwa karne nyingi. London, mwaka 1851, Mjerumani Adolf Anderssen alimtolea Lionel Kieseritzky askofu mmoja, ngome zote mbili na malkia, kisha akamfunga mfalme wake kwa askofu na farasi wawili waliobaki. Mwaka 1858 Mmarekani Paul Morphy alishinda kwa hatua 17 katika jumba la opera la Paris. Mikhail Tal wa Riga alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 23, kwa mashambulizi ambayo wapinzani wake walishindwa kuyahesabu kwa wakati. Mantiki ya Anderssen ni ileile ya fundi wa bao: mpe mpinzani anachokitamani, mradi akikichukua mlango ufunguke.

Tofauti kubwa ni kalamu. Kila hatua ya mchezo wa Anderssen iliandikwa, na mtoto wa leo anaweza kuupanga upya ubaoni na kuona pale malkia alipotolewa. Mafundi wa bao wa Zanzibar na Lamu, na wachezaji wa ajua wa vilima vya Lambwe, wamebaki katika midomo ya waliowaona. Jina hudumu kizazi kimoja au viwili, na mkono wenyewe hupotea siku ileile kete zinapokusanywa. Hii ni hasara ya kweli, wala haitokani na ugumu wa kuandika. Mashimo ya kila upande wa bao ni 16 na yanahesabika. Kinachotakiwa ni namba ya shimo, upande mkono ulikoelekea, na kama nyumba ilisafiri au ililala. Karatasi moja yatosha kwa mchezo mzima. Wanaoandaa mashindano ya bao katika tamasha la Lamu, klabu za Zanzibar na timu za ajua za kaunti za Nyanza waweke mwandishi kando ya kila ubao wa fainali, kuanzia fainali ijayo.