Excel: makosa ya fomula yenye kuonekana, na yale yenye kujificha

Siku hizi vikundi vingi vya AVEC, makoperative na mashule vinaandika hesabu zao katika Excel. Sanduku la AVEC lina kufuli tatu na watu watatu wa kushika funguo, lakini faili ya hesabu mara nyingi iko mikononi mwa karani mmoja tu. Fomula ikikosea, siku ya kugawana feza mwanamemba anaweza kurudi nyumbani na pungufu, na watu watasema karani ameiba.

Tuanze na makosa ambayo Excel yenyewe inaonyesha. Majina tunayotoa ni ya Excel ya Kifaransa, njo ile wengi wetu wanayo.

#NOM? maana yake Excel haijui neno uliloandika. Vijana waliosomea Uganda wanazoea kuandika SUM. Kwa Kifaransa ni SOMME. Ukiandika SOME, ni vilevile.

#REF! inakuja wakati umefuta kolone ao mustari ambao fomula ilikuwa inautegemea. Usihangaike: bonyeza Ctrl+Z palepale, mbele ya kufunga faili.

#N/A inaonekana sana na RECHERCHEV: jina unalotafuta halipatikani kwenye liste. Mara nyingi jina liko, lakini kuna nafasi tupu nyuma yake ambayo macho hayaoni. SUPPRESPACE inaiondoa.

#DIV/0! ni kugawanya kwa sifuri ao kwa kaze tupu. Hapa kwetu inatoka sana kwa kubadilisha franga kuwa dolari. Tuseme kiwango cha siku umekiandika katika F1, na unaandika =B2/F1. Mustari wa kwanza uko sawa. Ukivuta fomula chini, inakuwa =B3/F2, kisha =B4/F3, na kaze hizo ni tupu. Andika =B2/$F$1, ndipo F1 haitasogea. (Alama hiyo ya $ haihusu feza hata kidogo, ni kama msumari wa kushikilia kaze.)

#VALEUR! inasema umejumlisha namba na maneno, kwa mfano =B2+B3 wakati katika B3 mtu ameandika «5000 FC». Andika 5000 peke yake.

Makosa hayo yote yanapiga kelele, na kwa sababu hiyo hayaogopeshi sana. Lenye kuharibu ni lile lenye kunyamaza. Tuseme watu wane wameweka dolari 10, 12, 10.50 na 8. Kama kompyuta yako imepangwa kwa Kifaransa, sehemu ya dolari inaandikwa na koma: 10,50. Ile yenye nukta Excel inaichukua kama maneno, na SOMME inaruka maneno bila kusema kitu. Jumla inatoka 30, kumbe ni 40,50. Angalia kolone: namba za kweli zinasimama upande wa kuume, maneno upande wa kushoto. Tena andika =NB(B2:B5) na =NBVAL(B2:B5). NB inahesabu namba tu, NBVAL inahesabu kaze zote zenye kitu ndani. Zikitofautiana, kuna namba ya uongo mahali fulani.

Kosa lingine la kimya ni jumla isiyofika mwisho: umeongeza wanamemba chini, lakini fomula inaishia pa zamani. Hata wakubwa linawapata. Mwaka 2010, Reinhart na Rogoff, maprofesa wa uchumi, walitoa andiko kuhusu madeni ya mataifa ambalo wanasiasa wengi walilitegemea. Mwaka 2013, mwanafunzi Thomas Herndon alifungua faili yao ya Excel akakuta fomula ya wastani imeacha inchi 5 inje. Bonyeza mara mbili juu ya kaze ya jumla, Excel itazungushia rangi kaze zote inazohesabu. Utaona kama mtu wa mwisho yumo.

Kuna wanaopenda SIERREUR, yenye kubadilisha kosa kuwa 0 ili karatasi ionekane safi. Kwa hesabu ya feza za watu, hapana. Sifuri hiyo inaingia katika jumla, na hakuna atakayejua kwamba pale palikuwa kosa.

Na ukiona ##### tu, hakuna kilichoharibika: kolone ni nyembamba. Ipanue.