Mashirika ya mafuta ya taifa yaliahidi nini Dubai, na Afrika Mashariki inaingiaje?

Bodaboda akisimama kwenye kituo cha mafuta Nairobi, macho yake yako kwenye bei ya pampu. Nani aliyeuza mafuta hayo kwa Kenya, risiti haisemi. Lakini tangu 2023 Kenya imekuwa ikiagiza mafuta kwa mpango wa serikali kwa serikali, na wauzaji ni watatu: Saudi Aramco ya Saudi Arabia, ADNOC ya Abu Dhabi na ENOC ya Dubai.

Kampuni hizo tatu zinafanana kwa jambo moja: mwenye mali ni serikali. Ndiyo maana huitwa mashirika ya mafuta ya taifa. Na dunia ikizungumzia kuhama kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye umeme wa jua, upepo na vyanzo vingine safi, mashirika haya ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Desemba 2023 wakuu wa sekta hiyo walikuwa Dubai kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi, COP28. Huko kampuni 50 za mafuta na gesi ziliweka ahadi kwa pamoja. Mashirika ya taifa yalikuwa 29.

Waliahidi nini hasa? Na kuna nini ndani yake kwa nchi kama Uganda, Tanzania na Kenya?

Shirika la mafuta la taifa ni nini?

Kwa lugha nyepesi, ni kampuni ya mafuta au gesi ambayo serikali inaimiliki yote au ina hisa za kutosha kuwa na kauli ya mwisho.

Nchi nyingi zilianzisha mashirika haya miaka ya 1960 na 1970. Wakati huo kampuni za Ulaya na Marekani ndizo zilizokuwa zikichimba, na serikali zikaona zinabaki na makombo. Tanzania ilianzisha TPDC mwaka 1969. Norway ilianzisha Statoil mwaka 1972, Malaysia ikaja na Petronas mwaka 1974 na Angola na Sonangol mwaka 1976. Saudi Arabia ilinunua Aramco kidogo kidogo hadi ikaimiliki yote mwaka 1980.

Kenya ina National Oil Corporation. Uganda ilichelewa kidogo: UNOC ilianza mwaka 2015, miaka tisa baada ya nchi hiyo kutangaza kuwa imepata mafuta ya kutosha kuchimbwa kibiashara.

Kwa nini yana nguvu hivyo?

Watu wengi wakisikia kampuni ya mafuta wanafikiria Shell, BP au ExxonMobil. Ukweli ni kwamba kampuni hizo kubwa za binafsi ni sehemu ndogo ya biashara.

Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Kimataifa la Nishati (IEA) ya Novemba 2023, kampuni kubwa saba za binafsi huzalisha chini ya 13% ya mafuta na gesi yote duniani. Mashirika ya taifa huzalisha zaidi ya nusu, na yanashikilia karibu 60% ya akiba iliyobaki ardhini.

Kwa hiyo, hata kampuni zote za Ulaya zikifunga visima kesho, mafuta mengi yatabaki mikononi mwa serikali.

Dubai waliahidi nini?

Ahadi hiyo ilizinduliwa Desemba 2, 2023. Ina mambo matatu makuu:

- Kufikia 2030, kuacha kuchoma gesi ovyo visimani. Huu ni ule moto unaoonekana juu ya mabomba marefu kwenye maeneo ya uchimbaji. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, mwaka 2023 dunia ilichoma hivyo gesi mita za ujazo bilioni 148.

- Kufikia 2030, kupunguza uvujaji wa methani hadi ukaribie sifuri. Methani ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia. Ikivuja angani, kwa kipindi cha miaka 20 inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule.

- Kufikia 2050, shughuli za kampuni zenyewe zisiongeze hewa chafu angani. Yaani, kile kinachotolewa kiwe sawa na kile kinachoondolewa.

Walioweka sahihi ni pamoja na Aramco, ADNOC, Petroleum Development Oman, Petronas, Petrobras ya Brazil na Equinor ya Norway. Afrika ilikuwa na NNPC ya Nigeria, Sonangol ya Angola, Namcor ya Namibia na Nilepet ya Sudan Kusini, miongoni mwa wengine. Kwenye orodha ya mwanzo ya majina 50, TPDC, UNOC na National Oil ya Kenya hayakuwamo.

Mbona wanaharakati hawakupiga makofi?

Jibu liko kwenye maneno mawili: "shughuli zenyewe".

Ahadi inahusu hewa chafu inayotoka wakati wa kuchimba, kusafisha na kusafirisha. Haigusi moshi unaotoka mafuta yanapochomwa kwenye gari, ndege au jenereta. Na huko ndiko kwenye mzigo mkubwa.

IEA inakadiria kwamba uzalishaji na usafirishaji wa mafuta na gesi unachangia karibu 15% ya hewa chafu yote inayotokana na nishati. Kuyatumia kunachangia 40% nyingine. Ahadi ya Dubai inashughulika na ile 15%. Ile 40% haimo.

Hiyo haimaanishi kwamba ahadi haina maana. Kuziba methani ni moja ya njia za haraka na za bei nafuu za kupunguza joto la dunia. Lakini kampuni inaweza kutimiza kila neno la ahadi hiyo huku ikiongeza mapipa inayouza.

Na ndivyo ilivyo kwa baadhi. Rais wa COP28, Sultan Al Jaber, ndiye pia mkuu wa ADNOC, shirika lililopanga kufikia uwezo wa mapipa milioni tano kwa siku ifikapo 2027. Katikati ya mkutano huohuo, Katibu Mkuu wa OPEC, Haitham Al Ghais, aliwaandikia wanachama akiwataka wakatae maandishi yoyote yanayolenga nishati za kisukuku. Mwishowe nchi zilikubaliana kuanza "kuondokana" na nishati hizo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa maneno ya aina hiyo kuingia kwenye makubaliano ya COP.

Kwa nini serikali haziwezi kuacha tu?

Kwa sababu hizi si kampuni za kawaida. Faida yake ndiyo mishahara ya walimu, dawa hospitalini na barabara.

Mwaka 2022 Aramco ilipata faida ya dola bilioni 161. Fedha za aina hiyo zinaendesha nchi nzima.

Upande wa pili ni Sudan Kusini, ambako mafuta ndiyo karibu mapato yote ya serikali. Februari 2024 bomba linalopitisha mafuta yake Sudan kwenda Bahari ya Shamu liliharibika katikati ya vita, na sehemu kubwa ya mauzo ikasimama. Hazina ikakauka. Nchi ikiegemea pipa moja, pipa likipasuka hakuna pa kushika.

Hapo ndipo kuna mtego. Serikali inayotegemea mafuta inajisikia kulazimika kuchimba zaidi, wakati huohuo soko la kesho halijulikani. Mwaka 2021 taasisi ya NRGI, inayofuatilia usimamizi wa rasilimali asilia, ilikadiria kwamba mashirika ya taifa yangeweza kuwekeza dola trilioni 1.9 kwa miaka kumi. Zaidi ya dola bilioni 400 za fedha hizo zingekwenda kwenye miradi ambayo italipa tu ikiwa dunia itashindwa kutimiza malengo yake ya tabianchi.

Kampuni binafsi ikikosea hesabu hapo, hasara ni ya wenye hisa. Shirika la taifa likikosea, hasara ni ya wananchi.

Wengine wamefanyaje?

Denmark iliuza. Shirika lake liliitwa DONG, kifupi cha mafuta na gesi asilia ya Denmark. Mwaka 2017 liliuza biashara ya mafuta na gesi, likabadili jina kuwa Ørsted na kujikita kwenye umeme wa upepo wa baharini. Si safari ya mteremko: mwaka 2023 Ørsted ilifuta miradi miwili mikubwa Marekani baada ya gharama kupanda. Ila Denmark haikuwa nchi ya kuishi kwa mafuta, kwa hiyo kuachana nayo kulikuwa kwepesi kuliko kwa wengine.

Norway iliweka akiba. Bado inachimba, na serikali ina 67% ya Equinor, ile iliyokuwa Statoil. Lakini fedha za mafuta huingia kwenye mfuko wa taifa ulioanza kupokea fedha mwaka 1996 na ambao sasa una zaidi ya dola trilioni 1.5. Mafuta yakiisha soko, mfuko utabaki.

Nchi za Ghuba zinacheza mchezo wa mwisho. Hoja yao ni kwamba dunia itaendelea kuhitaji mafuta kiasi fulani, na atakayebaki sokoni ni yule anayechimba kwa bei ya chini kabisa. Saudi Arabia na Abu Dhabi ziko kwenye nafasi hiyo, huku zikiweka fedha pia kwenye umeme wa jua.

Afrika Mashariki iko wapi?

Iko kwenye nafasi ngumu: inaingia sherehe ikiwa inaelekea ukingoni.

Uganda ina mafuta yanayokadiriwa kuwa mapipa bilioni 6.5, na takriban bilioni 1.4 ndiyo yanayoweza kuchimbwa. Kuyafikisha baharini kunahitaji bomba la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Mafuta hayo ni mazito yenye nta, hivyo bomba lazima lipashwe joto njia nzima.

TotalEnergies ya Ufaransa ina 62% ya bomba na CNOOC, shirika la taifa la China, ina 8%. UNOC na TPDC zina 15% kila moja. Hizo 15% ni fedha za Waganda na Watanzania. Benki kadhaa za kimataifa zilikataa kugharamia mradi huo kwa sababu za mazingira na haki za waliopitiwa na bomba. Machi 2025, kundi la wakopeshaji likiwamo benki ya Afreximbank lilitoa awamu ya kwanza ya mkopo.

Tanzania ina kadi nyingine: gesi asilia. Gesi iliyogunduliwa inafikia futi za ujazo trilioni 57, nyingi ikiwa bahari kuu. Mradi wa kuigandisha iwe kimiminika huko Lindi, ambao kampuni zake kuu ni Equinor na Shell, umekuwa kwenye mazungumzo kwa miaka mingi. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay tayari inafua umeme, na Dar es Salaam bajaji na teksi zinaitumia. Kwa hiyo, hata wateja wa nje wakipungua, ipo kazi ya kufanya nyumbani.

Kenya ni kituko cha aina yake. Karibu 90% ya umeme wake unatoka vyanzo safi, ukiongozwa na jotoardhi ya Olkaria. Mafuta ya Turkana yaligunduliwa 2012, lakini magari na bodaboda bado yanategemea mafuta ya kutoka nje.

Mambo manne ya kuangalia

1. Mkataba uko wazi? Mwananchi hawezi kujua kama hisa ya 15% inalipa ikiwa hajui masharti ya mkopo ulioinunua.

2. Hesabu imepigwa kwa bei gani? Mradi unaolipa pipa likiwa dola 80 unaweza kuwa mzigo likishuka hadi 50.

3. Fedha zinakwenda wapi? Uganda na Tanzania zina sheria za mfuko wa mapato ya mafuta na gesi za mwaka 2015. Kinachobaki ni kuona fedha zikiingia humo na kukaa.

4. Nani anapima methani na moto wa visimani? Ahadi ya Dubai ina tarehe ya 2030. Mafuta ya Uganda yakianza kutiririka, UNOC na wabia wake watakuwa na muda mfupi sana wa kuonyesha kwamba wameanza vizuri.