Kipupwe Ndani ya Nyumba

Katika nyumba moja kongwe ya Ruaruke, upande wa delta ya Rufiji, iliyojengwa kwa boriti za mikoko na udongo zama ambazo makuti ndiyo yaliyokuwa paa la kila mtu, na ambayo baadaye ilipigwa lipu ya saruji na kuezekwa bati kwa fadhila za watoto waliofanikiwa mjini, nilimsikia mwenyewe, mzee wa umri wa kupumzika, akimlalamikia fundi kwa maneno ambayo yamenishughulisha hata leo. "Mashine yenu inapiga baridi," alisema, "lakini nyumba inalowa." Fundi, kijana mwenye adabu, alikuwa amekwisha kutoa shikamoo na kuvua viatu, akapima gesi, akafungua filta, akasikiliza kompresa, kisha akajibu: "Mzee wangu, eisii haina ubovu. Gesi ipo ya kutosha, na baridi unaisikia mwenyewe." Wote wawili walisema kweli; lililokosekana baina yao lilikuwa neno.

Mafundi huiita mashine hiyo eisii, kwa herufi mbili za Kiingereza zilizokwisha kuzoea kinywa cha Mswahili. Kamusi huiita kiyoyozi, neno la kupendeza sikioni, lililopata kibali maofisini na magazetini, ila msikilizaji asiyefundishwa haoni ndani yake dokezo lolote la kazi ya chombo. Wako wanaosema kipoza hewa, na hao wamejitahidi kufasiri; walakini wamefasiri nusu. Na watu wa mitaani, wasiongoja idhini ya baraza lolote, husema chumba kina kipupwe. Nami nikitakiwa hukumu, nawapa ushindi watu wa mitaani, na hoja zangu si za mapenzi matupu.

Asili ya chombo chenyewe inanisaidia. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, alipewa tatizo la kiwanda cha kupiga chapa huko Brooklyn, ambako karatasi, kwa kunywa unyevu siku moja na kuutoa siku ya pili, zilitanuka na kunywea hata rangi zikashindwa kukaa mahali pake. Na mtambo alioubuni ulikusudiwa kwanza kuutawala unyevu wa hewa, ubaridi ukiwa njia tu ya kufikia muradi huo. Hata ile ibara ya Kiingereza, air conditioning, tunayohangaika kuitafsiri haikutoka kwa wauza baridi. Aliyeitia katika matumizi, mwaka 1906, ni Stuart Cramer, mtu wa viwanda vya nguo huko North Carolina, naye aliiazima kutoka katika desturi ya wenye viwanda hivyo ya kuutia uzi kiasi chake cha unyevu. Basi aliyesema kipoza hewa ameshika tawi akaacha shina.

Hewa ni kama mtungi ambao ukubwa wake hubadilika kwa joto. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 za Selsiasi yaweza kubeba kadiri ya gramu 30 za mvuke wa maji. Ikishushwa hadi nyuzi 20 hubeba gramu 17 tu, na kwa nyuzi 10 ni gramu 9 na kidogo. Kinachozidi humwagika. Ndiyo sababu gilasi ya maji ya barafu ikiwekwa barazani Ruaruke hutoka jasho kwa nje kabla mgeni hajamaliza salamu, na ndiyo sababu kiyoyozi huwa na kibomba kinachodondosha maji uani: ndani ya mashine mna mabomba baridi mfano wa ile gilasi, hewa ya chumba hupita juu yake, huacha maji yake, nayo hurudi chumbani imepoa na kukauka. Pangaboi haliiwezi kazi hii. (Jina hilo, nasema kwa kupita, lilikuwa la mtu kabla ya kuwa la chombo: mtumishi wa Bara Hindi aliyevuta kamba ya upepeo, yaani panka, ili bwana wake apate usingizi, umeme ulipokuja kamba ikakatwa, na yule boi akabaki darini anazunguka.) Pangaboi huisukuma hewa ile ile juu ya ngozi, na hewa ikiwa imejaa maji haina nafasi ya kulipokea jasho letu, hivyo upepo wapita na fukuto labaki.

Lugha yetu ilifahamu zamani kwamba joto la pwani si joto kavu. Neno hari, tulilolipokea kwa Waarabu likiwa na maana ya joto, huku lilichukua na maana ya jasho pia, kwa kuwa huku hakuna moja lisiloandamana na jingine. Rutuba, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu ni unyevu, kwetu imekuwa neema ya shamba, na mtu anayelima mpunga katika matope yaliyoachwa na mafuriko ya Rufiji hawezi kuistaajabia safari ya neno hilo. Kwa unyevu uliomo hewani wanajiografia wana unyevuanga, istilahi iliyoungwa vizuri. Lakini kipupwe ni jambo jingine. Kipupwe ni majira ya Juni hadi Agosti, wakati masika yamekwisha na kusi lavuma, usiku mtu akaitafuta shuka aliyoisahau tangu mwaka jana, na nguo zilizofuliwa asubuhi zikakauka kabla ya adhuhuri. Ubaridi na ukavu huja pamoja, wala hakuna mtu wa delta anayehitaji kufafanuliwa. Kwa hiyo ningependa kiyoyozi kibaki kuwa jina la chombo, na kipupwe kiwe jina la hali ambayo chombo kimenunuliwa ili kuileta. Laiti yule mzee angalisema, "Nyumba ina baridi, haina kipupwe," fundi angalijua mara moja pa kutazama.

Hatimaye alipotazama, sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni mashine yenyewe, kubwa kupita chumba, zawadi ya mtoto aliyeuliza bei asiulize vipimo. Mashine kubwa huliangusha joto kwa dakika chache, kompresa ikazima kabla hewa haijapita ya kutosha juu ya mabomba baridi, na maji yakabaki chumbani. Ya pili ni nyumba. Ilipokuwa ya makuti ilikuwa na uwazi baina ya ukuta na paa, upepo ukipita usiku kucha. Udongo wake ulikunywa unyevu na kuutoa bila kuzuiwa. Na moshi wa kuni ulikausha fito na kuwafukuza wadudu. Kupasha nyumba joto, jambo ambalo kwa watu wa Ulaya ni sehemu kubwa ya biashara ya hewa ya majumbani, huku hakukuzidi moto huo wa jikoni na chetezo cha udi kilichofukizia kanzu zisipate koga sandukuni. Saruji ikaja, ikaufungia unyevu ndani ya ukuta. Uwazi wa chini ya paa ukasahauliwa kuzibwa, hewa ya mikoko ikawa inaingia hapo usiku na mchana, inakuta ukuta uliopoa, inatoka jasho kama gilasi. Nyuma ya kabati koga lilikuwa limechora ramani nzima ya delta, mito na visiwa vyake.

Fundi alibadilisha mashine kwa ndogo, akaziba ule uwazi kwa dari ya mbao, akashauri lipu ya saruji ibanduliwe na ukuta upakwe chokaa, ushauri ambao mzee aliuahirisha hadi mavuno. Siku ya tatu nilikwenda kumwamkia. Ndoo ya lita 10 iliyowekwa chini ya kibomba tangu magharibi ilikuwa imejaa hadi ukingoni, na mzee amesimama mbele yake na mswaki mkononi.

"Haya yote," aliuliza, "nilikuwa nalala nayo?"

"Na mengine bado yamo ukutani, mzee."

Akamwita mjukuu wake, akamwambia ayapeleke mgombani.