Kichwa kinauma? Anza na maji kabla ya kidonge



Chukulia umeshinda juani unafyatua tofali au unapiga bodaboda, na tangu asubuhi umekunywa kikombe kimoja tu cha chai. Saa kumi jioni kichwa kinagonga, mgongo nao unadai. Unapita duka la dawa, unameza diklofenaki kwa funda moja la maji, kazi inaendelea. Mdau, hapo unacheza na figo zako.

KIU INAONGEZA MAUMIVU

Mishipa ya fahamu hupeleka taarifa tu, ila ubongo ndio unaoamua maumivu yawe makali kiasi gani. Na ubongo wenye kiu hauna uvumilivu. Mwaka 2014 watafiti wa Japani waliwapima ubongo watu wachache waliopungukiwa maji huku wakiwatia maumivu ya baridi kali. Sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu zilifanya kazi zaidi kuliko walipokuwa wamekunywa maji. Mwaka 2016 wenzao wa New Zealand waliwajaribu wanaume 17, nao walipobanwa maji walihisi maumivu zaidi. Idadi ni ndogo, kwa hiyo tusiape, lakini majibu yanaelekea upande mmoja.

Je, maji ni dawa? Hapana. Uholanzi, mwaka 2012, ilitoka ripoti ya watu 102 wenye kichwa cha mara kwa mara. Walioambiwa waongeze lita 1.5 kwa siku, 47% walisema wamepata nafuu kubwa, wakati kwa wenzao ilikuwa 25%. Ila siku za kuumwa kichwa hazikupungua. Ndiyo kusema maji yanasaidia, hayafanyi miujiza.

KWA NINI FIGO?

Mwili ukikauka, damu inayofika kwenye figo hupungua, na mwili hujitahidi kuilinda. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia ulinzi huo. Ukizimeza kila siku huku una kiu, figo zinaweza kuumia bila wewe kuhisi chochote.

MAJI GANI?

Hapa kwetu Kaskazini kuna jambo lingine. Baadhi ya visima na chemchemi za Bonde la Ufa vina floridi nyingi. Kidogo hulinda meno, lakini nyingi, ikinywewa miaka mingi, hutia meno rangi ya kahawia na huleta maumivu ya mifupa na viungo. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Na kuchemsha hakuiondoi! Kuchemsha kunaua vijidudu tu, floridi inabaki palepale. Kama unatumia kisima, uliza kama maji yake yamepimwa.

UFANYEJE?

- Kunywa kidogo kidogo kutwa nzima, usisubiri kiu. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, umechelewa.
- Kichwa kikianza baada ya jua, kaa kivulini, kunywa maji taratibu, subiri kama nusu saa hadi saa moja.
- Usinywe malita kwa mkupuo, nayo ni hatari.
- Ukiwa na homa, nenda ukapime malaria. Shingo ikikakamaa, ukitapika mfululizo au kichwa kikilipuka ghafla, wahi hospitali. Hapo maji hayatoshi.

Haya mdau, kabla hujaendelea na kazi: leo umekunywa glasi ngapi?