Zimamoto ya wilaya inavyofanya kazi, na namna ya kuiita ukiwa kijijini

Kila nyumba au duka linapoungua katika maeneo tunakosikika, wasikilizaji hutupigia simu na malalamiko mawili: zimamoto wamechelewa, na walipofika hawakuwa na maji. La kwanza mara nyingi ni kweli. La pili mara nyingi silo linaloonekana. Maelezo haya tumeyaandika kwa ajili ya wewe unayeishi kilomita 30 au 40 kutoka makao makuu ya wilaya, ujue kikosi hicho kina uwezo gani na unakiitaje.

Zamani zimamoto za miji zilikuwa mali ya halmashauri. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyoweka msingi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji tulilonalo leo, ambalo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Juu kabisa kuna Kamishna Jenerali, kila mkoa una kamanda wake, kisha ndipo vinakuja vituo vya wilaya. Askari wa kituo hupokezana zamu usiku na mchana. Shida ni vifaa. Wilaya nyingi za vijijini zinategemea gari moja, na zipo zinazosubiri gari litoke wilaya jirani. Gari hilo likiwa limekwenda kwenye ajali ya basi upande wa mashariki, moto ukiwaka magharibi hakuna la pili la kulituma.

Sasa suala la maji. Gari la zimamoto halitoki kituoni tupu. Hubeba tangi lililojaa. Chukua mfano wa gari lenye lita 5,000. Mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, tangi linakauka baada ya dakika kumi. Mipira miwili ikifunguliwa pamoja, ni dakika tano. Anayefika dakika ya sita anakuta askari wameshika mipira isiyotoa kitu, na gari linageuka kwenda kutafuta maji. Hapo ndipo neno linapoenea kwamba wamekuja mikono mitupu. Mjini kuna mabomba maalumu kando ya barabara ambako gari hujaza tena haraka. Kijijini hayapo. Kuna bwawa, mto, lambo la ng'ombe, au tangi la shule. Mwenyekiti wa kitongoji anayejua ni maji gani yapo karibu, na njia ipi lori zito linaweza kupita bila kuzama kwenye tope, anaweza kuokoa mtaa mzima wa maduka.

Namba ya kupiga ni 114, na kupiga ni bure. Kwa kuwa ni namba ya nchi nzima, anza na mkoa, kisha wilaya, kata, kijiji na kitongoji. Usiseme tu "hapa Majengo" au "huku Songambele", maana majina hayo yako kila pembe ya Tanzania. Taja kitu ambacho mgeni atakiona: mnara wa simu, zahanati, mashine ya kusaga, njia panda ya lami na vumbi. Eleza kinachoungua, kama kuna watu ndani, na kama kuna mtungi wa gesi au madumu ya petroli, kwani siku hizi petroli ya bodaboda inauzwa kwenye chupa na kulazwa chumbani. Usikate simu kabla ya anayeipokea kukuruhusu. Kisha mtume kijana mmoja mwenye pikipiki na tochi akasubiri kwenye njia panda. Tunasikia mara nyingi gari limezunguka vijiji viwili likiuliza njia.

Tuseme pia lililo wazi: nyumba ya nyasi inateketea ndani ya dakika chache, na gari lililo umbali wa kilomita 40 haliwezi kuiwahi. Bado piga. Moto huruka kwa majirani, waliojeruhiwa wanahitaji msaada, na askari ndio watakaochunguza chanzo. Wakati mnasubiri, toeni watu kwanza, zimeni umeme kwenye swichi kuu, na msimwage maji kwenye nyaya wala kwenye mafuta ya kupikia yanayowaka. Sufuria ya mafuta hufunikwa kwa mfuniko na jiko huzimwa.

Wapo wanaoogopa kupiga wakidhani wataletewa bili. Kuzima moto na kuokoa watu ni bure. Kinacholipiwa ni ukaguzi wa kinga ya moto kwenye maduka, nyumba za wageni, vituo vya mafuta na majengo mengine ya biashara, na malipo hayo hupitia namba ya malipo ya serikali, hayatolewi mkononi.

Nusu ya pili ya jina la jeshi hili, uokoaji, inasahaulika sana. Mtu akitumbukia kisimani au kwenye shimo la choo, hao hao ndio wa kuitwa. Humo ndani hewa inaweza kuwa imekwisha au imejaa gesi ya sumu isiyoonekana. Ndugu anashuka kumfuata, naye anaanguka. Wa tatu anashuka, vivyo hivyo. Askari hushuka na mitungi ya hewa na kamba. Asiye navyo asishuke, hata kama aliye chini ni mtoto wake. Tunajua ni neno gumu. Na lori la mafuta likipinduka, kaeni mbali. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya moto kulipuka wakati watu wakichota petroli.

Kazi nyingine ya kituo ni kufundisha. Uongozi wa kijiji, shule au soko unaweza kuandika barua kuomba askari waje. Tungependa kuona shule za bweni zikiwa za kwanza. Septemba 2020 wanafunzi kumi wa shule ya msingi walikufa bweni lao lilipoungua usiku huko Kyerwa, mkoani Kagera. Kwenye kikao kijacho cha wazazi ulizeni: nyaya zilifungwa na fundi anayetambulika au na kishoka? Bweni lina milango mingapi? Madirisha yote yana nondo? Na usiku, funguo hukaa na nani?