Logi Ndani ya Pembe: Ndovu, Garsen na Mto Tana

Sisi waandishi wa programu tunapenda logi. Kitu kikiharibika, tunafungua faili na kusoma kilichotokea. Leo nataka tutazame logi ambayo hakuna mtu aliyeiandika: pembe ya ndovu.

Karne ya 19, pembe zilipitia Lamu, Mombasa na Zanzibar kwenda Ulaya na Marekani, zikatengenezwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Ukijua bandari tu, hujui ndovu aliishi wapi. Aliuawa karibu na Garsen, au mbali huko bara?

Hapo ndipo strontiamu inaposaidia. Rubidiamu-87 iliyo ndani ya miamba hugeuka polepole mno kuwa strontiamu-87. Mawe ya volkano ya Mlima Kenya bado ni machanga, kwa hiyo uwiano wa strontiamu-87 kwa strontiamu-86 ni mdogo, karibu 0.704. Miamba ya kale upande wa Kitui huwa na uwiano mkubwa zaidi. Mto Tana hubeba udongo wa pande zote mbili hadi kwenye delta, huko Garsen. Nyasi hunyonya, ndovu hula, pembe huhifadhi.

Kazi ngumu ni kuandaa sampuli. Uso wa pembe husafishwa, kisha unga kidogo hutolewa kwa drili na kuyeyushwa kwa asidi ya nitriki iliyo safi sana, katika maabara yenye hewa iliyochujwa. Myeyusho hupitishwa kwenye rezini inayoshika strontiamu na kuachia rubidiamu ipite. Bila hatua hiyo, mashine huona rubidiamu-87 na strontiamu-87 kama kitu kimoja, sawa na rekodi mbili zenye ufunguo mmoja kwenye hifadhidata. Chombo kisicho na sampuli nacho hupitishwa hatua zote, ili uchafu wa maabara yenyewe ujulikane.

Kuna hatari nyingine. Mfupa uliofukiwa kwenye tope hunyonya strontiamu ya hapo hapo, na logi ya zamani ikaandikwa upya. Enameli ya jino hustahimili zaidi.

Mwaka 2016, Ashley Coutu na wenzake walichapisha katika PLoS ONE vipimo vya ndovu wa zamani waliojulikana walikotoka: pwani, Bonde la Ufa na eneo la maziwa. Walipima pia kaboni, naitrojeni na oksijeni, kwa kuwa sehemu mbili zinaweza kuwa na strontiamu inayofanana. Kisha wakalinganisha na pembe zisizojulikana asili yake.

Kwangu mimi jambo kubwa ni hili: sampuli ikichafuka, tutasema ndovu walimalizwa mahali ambapo hawakuwahi kuwindwa hivyo. Kwa hiyo ukisoma kwamba pembe fulani "ilitoka Zanzibar", uliza kwanza: hiyo ni bandari, au ni nyumbani kwa ndovu?